Kadhi Asihukumu Hali Moyo Wake Una Dhiki: Nasaha kwa Wanafunzi wa Sheria na Wazee Wao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu za baada ya Magharibi tumekuwa tukiupitia mlango wa adabu za kadhi. Tukafika kwenye ile Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ana ghadhabu. Wanazuoni wetu hawakusimama kwenye ghadhabu peke yake. Waliiangalia sababu ya katazo, wakaona kuwa ni kule kushughulika moyo hata akili isiweze kupima. Wakakisia juu yake njaa kali, kiu, usingizi mzito, maradhi yenye kuumiza, huzuni na hamu. Kadhi mwenye mojawapo ya hayo huambiwa angoje: ale, alale, moyo utulie, kisha ndipo akikalie kiti.

Usiku ule tulipomaliza, alibaki kijana mmoja nyuma ya wenzake. Ni mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu, mwaka wake wa tatu, naye alikuwa amerudi kwao kwa likizo. Akatuuliza: "Maalim, na mwenye kuihukumu nafsi yake je?" Tukamtaka atufafanulie. Akasema kwamba kwa muda wa miezi miwili hapati usingizi ila baada ya saa tisa za usiku. Husoma ukurasa mmoja wa kesi mara tano, akafunga kitabu hana alichoshika. Moyo humwenda mbio kila aingiapo darasani. Na simu ya babake ikilia huiangalia tu mpaka ikanyamaza. Na kila usiku, akasema, hujifanyia mahkama kitandani: yeye ndiye mshitakiwa, yeye ndiye shahidi, yeye ndiye hakimu, na hukumu ni ile ile, kwamba hafai, na ya kuwa amelila bure jasho la wazee wake.

Kijana huyo ametupa ruhusa tuitaje hali yake bila ya jina lake, kwani anawajua wenzake walio katika hali hiyo nao hawasemi. Basi jawabu tuliyompa yeye twaiandika hapa iwafae wote.

Tulimwambia hivi: Wanazuoni wamekhitalifu juu ya kadhi aliyehukumu kwa ghadhabu, je, hukumu yake hupita au haipiti, lakini wote wamekubali kuwa haimfalii kuikata katika hali ile. Ikiwa kadhi mwenye ilimu na uzoefu haaminiwi na moyo wake uliochafuka, wewe mwenye njaa, usingizi na khofu, saa tisa za usiku, wajiaminije kuikata hukumu iliyo kubwa kuliko zote, ya kwamba maisha yako hayana maana? Hukumu hiyo iahirishe. Lala kwanza. Ukiamka na kusali Alfajiri, ukala, ukazungumza na mtu mwenye akili, ndipo uisikilize upya. Nasi hatuna shaka kwamba ushahidi utaonekana mwingine.

Sasa natusema juu ya dhiki yenyewe, hiyo iitwayo siku hizi msongo wa mawazo, maana watu wetu huikosea kwa njia mbili.

Wa kwanza husema kuwa ni udhaifu wa imani. Lau kijana angalikuwa na yakini asingehuzunika. Maneno haya hayana msingi. Qur'ani yatueleza katika Sura Yusuf kwamba Nabii Yaqub (a.s.) macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe, naye ni Mtume. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mola wake amlinde na hamu na huzuni, na mtu hajilindi ila na jambo linaloweza kumfika. Tena mtazameni Imamu Ghazali. Alikuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa kubwa ya fiqhi ya zama zake, na wanafunzi kwa mamia wakihudhuria darsa zake. Katika mwaka wa 488 wa Hijra, yaani 1095, moyo wake ulishikwa na dhiki kwa karibu miezi sita. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alikuwa akijilazimisha kusomesha, ulimi ukakataa kutamka. Kisha chakula kikawa hakimshuki, na matabibu wakasema asili ya ugonjwa huu imo moyoni. Hakuona aibu kuyaandika hayo, akaiacha kazi na cheo, akasafiri. Hatimaye alirudi kusomesha, na kitabu chake mashuhuri kuliko vyote, Ihya, alikitunga baada ya dhiki ile, si kabla yake. Nani atakayethubutu kumwambia Ghazali kuwa imani yake ilikuwa dhaifu?

Wa pili husema kuwa kijana ametiwa kijicho, au amefanyiwa jambo na mahasidi wa mtaani. Basi hufungwa hirizi, hufukizwa, na fedha ambazo zingelimlipia mwezi wa chuo huingia mfukoni mwa mganga. Sisi hatukanushi kuwa husuda ipo, maana Qur'ani imetufunza kujilinda nayo. Lakini kila mtu asiyelala akiambiwa amerogwa, maradhi yatatibiwa lini? Mtume (s.a.w.) amesema kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake, na amewahimiza watu kujitibu. Mwenye kuyaacha matibabu akafuata mafusho ameiacha Sunna, hata kama mganga wake ana tasbihi mkononi.

Na yafaa wazee wajue kwa nini somo hili khasa huwalemea vijana. Shahada ya sheria nchini Kenya ni miaka minne. Atakaye kuwa wakili huingia kisha Kenya School of Law, Karen, Nairobi, akasoma masomo tisa, na mtihani wake husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Tena miezi sita hufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo aapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Katika mtihani ule wako wengi huanguka somo moja au mawili wakarudia, nao leo ni mawakili wanaoheshimiwa. Juu ya hayo, mwanafunzi wa sheria hufunzwa kutafuta kasoro: katika kila mkataba, katika kila ushahidi, katika kila neno la mpinzani. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo ni kazi njema. Lakini akirudi chumbani, jicho lile lile hulielekeza kwenye nafsi yake, na hapo hakuna wakili wa upande wa pili wa kumtetea. Kisha juu ya mabega yake pana mtaa mzima. Tangu siku ya barua ya chuo ameitwa "wakili". Shamba la babu lisilo na hati lamngoja yeye. Mirathi iliyokwama lamngoja yeye. Ameshakabidhiwa kesi kabla ya kupewa leseni.

Basi ewe mwanafunzi, zijue alama. Moyo kwenda mbio siku ya mtihani si ugonjwa. Huo hupita na mtihani, na mara nyingi humwamsha mtu. Lakini ukiona usingizi umekuhama, au walala mchana kutwa, chakula hakina ladha, kichwa na kifua vyakuuma bila sababu ijulikanayo, wawaepuka rafiki, wakasirika kwa neno dogo, Sala ulizokuwa ukizidiriki sasa zakupita, na hali hiyo ikadumu kwa wiki mbili au zaidi, basi jua hiyo si uvivu. Nenda kwa daktari, au kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwako, kama ambavyo ungekwenda kwa homa. Na pindi likikujia wazo la kujitoa roho, usilichukue peke yako hata usiku mmoja: mwamshe mwenzako saa ile ile, umwambie, mwende pamoja hospitali. Dini yetu imekataza mtu kujiua kwa kuwa uhai wake una thamani. Haikutuamrisha kumtukana aliyefikwa na wazo hilo. Hata sheria ya nchi imegeuka: Januari 2025 Mahkama Kuu ya Nairobi ilikitangua kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichokuwa kikimfanya mkosaji mtu aliyejaribu kujiua. Mgonjwa huyo astahiki tabibu, si pingu.

Katika kujitunza, Sunna yatutosha kwa uwongozi. Salman alipomzuru Abu Dardai akamkuta ameupa mgongo usingizi na chakula kwa ajili ya ibada, alimlaza sehemu ya usiku, kisha mwisho wa usiku wakasimama pamoja kusali, akamkumbusha kwamba nafsi yake pia ina haki juu yake, naye Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Ikiwa usingizi una haki mbele ya Sala ya sunna, hauna haki mbele ya kitabu cha mikataba? Na tumefunzwa kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mungu ni ile idumuyo japo ni chache. Basi soma kidogo kila siku tangu wiki ya kwanza, usilimbikize kesi za miezi mitatu katika siku tatu. Usiutafute ukeshaji kwa miraa na muguka. Hayo hukopesha saa chache za usiku, kisha hudai siku nzima, na riba yake ni moyo kudunda na khofu kuzidi. Jiunge na wenzako wawili watatu msome pamoja. Ukiulizwa darasani usilolijua, sema "sijui" bila ya haya. Imamu Malik imepokewa kuwa aliulizwa masuala 48, akasema "sijui" katika 32. Na Sala tano usizione kuwa zakukatia kusoma. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwambia Bilal awapumzishe kwa Sala. Basi nawe pumzika kwazo.

Nanyi wazee wetu, neno letu la mwisho ni lenu. Mwana akipiga simu, msimwulize alama zake kabla ya kumwuliza amelala vipi na amekula nini. Msimtajie mtoto wa jirani. Msimhesabie kila mara ada mliyolipa, maana anaijua hesabu hiyo kuliko nyinyi, nayo ndiyo inayomkesheza. Mwambieni waziwazi kwamba akianguka somo atarudi nyumbani akakaribishwa kwa uso ule ule, na kwamba shamba la babu limengoja miaka mingi, laweza kungoja mingine. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uweza wake. Basi sisi ni nani hata tuikalifishe zaidi?

Kijana wetu yule alimpigia babake simu asubuhi ya pili, mbele yetu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwambia: "Njoo kwanza ule, mwanangu." Wiki ile akampeleka mwenyewe kwa daktari. Masomo yangali magumu, na usingizi warudi polepole, lakini mahkama ya usiku, atuambia, sasa huiahirisha mpaka asubuhi. Na asubuhi aghlabu huona hakuna kesi.

Ewe Mola wetu, wakunjulie vifua vyao watafutao ilimu, uwaepushe na hamu na huzuni, na utujaalie sisi wazee wao kuwa pumziko lao, wala tusiwe mzigo juu ya mzigo wao. Amin.