Haki ya Kukosea

Swali nitakalolichungua hapa huonekana dogo kwa mtu ambaye hajapata kushika ala ya muziki. Mpigaji anapougusa uzi wa gitaa mbele ya hadhira, na kati ya kidole chake na masikio yetu pamewekwa kompyuta inayoigeuza sauti, je, tulisikialo ni tendo la nani? Wako wajibuo kuwa ni tendo la mashine, na wako wasemao kuwa ni la mpigaji, kwa sababu mashine haina nia. Majibu yote mawili huja upesi mno.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe. Mtetemo wa uzi hugeuzwa kuwa umeme, na umeme ule hupimwa, katika vifaa vingi vya leo, mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa tarakimu. Tangu hapo kila badiliko la sauti huwa hesabu. Manfred Schroeder, aliyekuwa mtaalamu katika maabara za Bell huko Marekani, alieleza mwaka 1962 jinsi mwangwi wa ukumbi unavyoweza kufanyizwa kwa kuichelewesha sauti na kuirejeza juu yake yenyewe. Mwaka 1976 kampuni ya EMT ya Ujerumani Magharibi ikatoa EMT 250, kabati zito lililofanya kazi hiyo kwa tarakimu. Leo hesabu za namna ile hukaa ndani ya kisanduku ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu.

Lakini hesabu hutaka muda. Kwa kawaida kompyuta haichukui kipimo kimoja kimoja. Huvikusanya katika mafungu. Fungu la vipimo 64 hula muda uzidio kidogo elfu moja ya sekunde, ambao ni muda wa sauti kusafiri hewani karibu nusu mita. Fungu la vipimo 256 hula zaidi ya elfu tano za sekunde, na kila fungu hulipa ushuru huu katika kuingia na katika kutoka. Msomaji ataona haya ni mambo ya chembe tu. Mpigaji hayaoni hivyo. Yeye hapigi kwanza akasikiliza baadaye; hupiga kwa kusikiliza, na sikio ndilo liongozalo kidole. Sauti ikichelewa, mkono huanza kuingoja, na mwendo wa wimbo huzorota bila ya yeye kujua sababu. Ndiyo maana watu wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walipotoa kibao chao kiitwacho Bela mwaka 2016, fahari yao ilikuwa kwamba sauti huingia na kutoka kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Fundi hudhani anachagua namba, kumbe ametia mkono katika kiungo cha mtu mwingine.

Hata hivyo mwangwi una adabu moja: haumwulizi mpigaji alikusudia nini. Hulipokea pigo sahihi na pigo bovu kwa heshima ileile, kama zipokeavyo kuta za nyumba. Chombo cha kusahihisha hakina adabu hiyo. Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alitumia hisabati kuchunguza mawimbi ya ardhini kwa ajili ya watafuta mafuta, alitoa Auto-Tune mwaka 1997. Nayo husikia sauti, hukisia ilitakiwa iwe ipi, kisha huivuta huko. Hapo mashine imekuwa hakimu. Na hakimu hawezi kuhukumu kabla ya tendo. Ili kima cha sauti kijulikane, kwa kawaida hapana budi wimbi limalize walau mzunguko mmoja, na uzi mnene kabisa wa gitaa hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Yaani mzunguko mmoja wahitaji elfu 12 za sekunde. Basi mashine ama ichelewe, ama iuache mwanzo wa sauti upite kama ulivyozaliwa. Mimi huufurahia ukaidi huu wa maumbile.

Hakimu naye ana sheria yake, na sheria aliitunga fundi. Mara nyingi ni ile ngazi ya sauti 12 zilizo sawa, ya kinanda cha Ulaya. Mpe chombo hicho mpiga fidla wa taarabu anayefuata makamu ya Rasti, ambayo sauti yake ya tatu hukaa kati ya vituo viwili vya kinanda, nacho kitamsahihisha palepale alipokuwa sahihi. Fundi mwema huacha ngazi ibadilike. Asiyewaza hilo ameamua jambo kubwa bila kujua kwamba ameamua.

Mtu atauliza: na mzee ambaye mkono wake sasa hutetemeka, je, tumnyime msaada? La, hasha. Auto-Tune haikumdanganya mtu Cher alipoitumia wazi katika wimbo wa Believe mwaka 1998, wala mzee hamdanganyi mtu akichagua kusaidiwa. Ninalolikataa ni usahihishaji uliofichwa ambao mpigaji hawezi kuuondoa. Hadhira iliyokuja kusikiliza ana kwa ana imekuja mahali ambapo jambo laweza kuharibika, na mpigaji amekubali kusimama hapo. Ukimwondolea uwezo wa kukosea, huwezi tena kumsifu kwa kupatia.

Kwa hiyo hunishughulisha sana swali ambalo mafundi huliona la mwisho kabisa: kisanduku kikiwashwa kwa mara ya kwanza, kabla mtu hajagusa kitufe chochote, usahihishaji uwe umefunguliwa au umefungwa? Wapigaji wengi hawatagusa kitufe hicho maisha yao yote.