Alama ya Mkono Ukutani

Nilikwenda kupaka rangi chumba cha mama, Tandika, nikakuta mstari mweusi ukutani, usawa wa kiuno, kutoka kitandani hadi mlangoni. Nikadhani ni wajukuu. Kumbe ni kiganja chake. Miezi yote ile alikuwa akitembea kwa kuushika ukuta, na sisi wanawe tukimsifu: siku hizi mama ametulia, hatoki.

Hakutulia. Aliogopa. Mbele ya nyumba yake kuna mtaro, na juu yake zilikuwa mbao mbili. Siku moja kizunguzungu kilimshika palepale katikati, kijana wa bodaboda akamvusha. Hakutuambia. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kikoba, mwisho akaacha hata misiba. Majirani wakaanza kusema anaringa. Hilo, nadhani, ndilo lililomuuma kuliko kizunguzungu chenyewe.

Kizunguzungu cha wazee tunakisingizia uzee tu, na hapo tunawakosea. Mwili hausimami kwa miguu peke yake; unasaidiwa na macho, sikio la ndani na hisia za nyayo. Mtoto wa jicho hufifisha macho, kisukari hutia nyayo ganzi. Dawa za presha nazo zaweza kumyumbisha mtu akiinuka ghafla. Na ndani ya sikio mna chembe ndogondogo za chokaa. Zikihama mahali pake, mtu akijigeuza kitandani tu, chumba kizima kinazunguka. Mama alikuwa na hilo la mwisho. Tabibu alimlaza, akamgeuza kichwa taratibu huku na huku, dakika chache, bila kidonge. Mwaka mzima wa woga, na tiba yake ni hiyo!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na mzee asiyejiweza hutibiwa bila malipo. Kitambulisho cha mama cha matibabu hayo kilikuwa chini ya godoro. Zahanati iko ng'ambo ya mtaro.

Tulichanga, fundi akamwaga zege juu ya mtaro na kusimika bomba la kushikia. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Mama akajitanda kanga, akafika kwenye kidaraja, nikamnyooshea mkono.

"Niache baba," akasema. "Nashika bomba."