Mzizi wa Mukombero na Swali la Yona

Pale steji ya Maasai Lodge, Rongai, mukombero huuzwa kwa mafungu, mizizi ingali na udongo. Ukiutafuna, mdomo unabaki na harufu ya vanila. Wanaume hununua wakichekacheka, wanajua wanachotafuta.

Mmea wenyewe hutambaa juu ya miti katika msitu wa Kakamega. Afrika Kusini tayari umeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, kwani soko linataka mzizi, na ukiung'oa wote umeuua mmea.

Kanisani tunaambiwa Adamu alipewa vyote. Mimi husoma Yona sura ya 4: nabii aliusikitikia mmea asioutolea jasho. Alitaka kivuli tu, sawa, lakini alisikitika. Je, sisi wanunuzi? Kakamega wapo wanaoupanda mukombero shambani. Mimi humuuliza muuzaji mukombero wake umetoka wapi. Mara nyingi hajui, nami nanunua vivyo hivyo.