Mto Usioanzia Kwetu

Wajukuu zangu wa Kahororo, anayekulia kando ya ziwa huona mito ni vitu vidogo. Kanoni mnaupita kila siku mkienda mjini, wala hamuutazami mpaka ufurike. Kagera mnauona basi likiwa juu ya daraja la Kyaka, safari ya Mutukula, na hapo napo wengi wenu macho yako kwenye simu. Leo nataka tuuzungumze. Asiyeujua mto huu atadanganywa na yeyote atakayekuja na ramani mkononi.

Jueni kwanza kwamba hauanzii kwetu wala hauishii kwetu. Maji ya Nyabarongo ya Rwanda na ya Ruvubu ya Burundi hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, kule Ngara. Kutoka hapo mto hupanda kaskazini katikati ya mafunjo, Rwanda ikiwa upande mmoja na Karagwe upande wa pili, halafu hukata kona kuelekea mashariki. Hupita Murongo, hupita Kyaka, humeza maji ya Ngono yanayotoka huku kwetu, kisha huvuka mpaka na kuingia ziwani upande wa Uganda, jirani na Kasensero. Hakuna mto mwingine unaoliletea Ziwa Victoria maji mengi kama huu. Msafiri wa Kizungu, Speke, aliuvuka mwaka 1862 baada ya kukaa kwa Omukama Rumanika wa Karagwe. Stanley naye, mwaka 1876, akaupachika jina la Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza. Jina hilo halikushika, na sioni ajabu.

Wataalamu wa miamba wana habari tamu zaidi ya hizo. Wanasema zamani sana, ziwa likiwa bado halipo, maji haya yalielekea magharibi. Bonde la Ufa lilipokuwa linajiunda, ardhi ya huko ikainuka taratibu na kuyafungia njia. Yakarudi mashariki, yakatuama, yakajaa, na hapo ndipo tukapata ziwa. Kwa hiyo sato mnaowala na upepo unaowapoza jioni mmevipata kwa sababu kuna mto ulikataliwa njia.

Sasa mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari ulionyooka, nyuzi 1 kusini mwa ikweta, bila kuuliza kinamasi wala mtu. Sehemu ya mto ikabaki ndani yetu, pamoja na kipande cha nchi kaskazini yake, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Kipande hicho ndicho Idi Amin wa Uganda alichokitamani. Majeshi yake yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza kwamba mpaka wa kweli ni mto, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Waliokuwa ng'ambo, pamoja na ng'ombe wao, walijua siku ile mto una upande gani. Jeshi letu lilivuka, likafika Kampala Aprili 1979. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Mtu akiwaambia mto ni mpaka wa asili, mwulizeni ni asili ipi hiyo, ilhali tuna wajomba na shangazi pande zote mbili.

Mwaka 1994 sipendi kuuruka, ingawa wazee wenzangu huuruka. Mwishoni mwa Aprili, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Ambao hawakuvuka waliletwa na maji. Maiti zilielea mto mzima mpaka ziwani, na wavuvi wa Kasensero na wenzao wa mialo ya Uganda wakaziopoa na kuzizika. Waliozikwa kwenye fukwe hizo ni zaidi ya 10,000. Watu wengi kandokando ya ziwa waliacha kula samaki. Yaani chuki iliyotangazwa redioni huko juu ilifika kwenye sahani za watu ambao hawakuisikia redio hiyo hata siku moja. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kijana wa hapa anamwita jirani yake mhamiaji kwa kumtazama pua tu, na anayasambaza hayo kwenye makundi ya simu. Kazi ya kuchunguza uraia ina wenyewe. Wewe msalimie jirani yako.

Sitaki mdhani mto ni wa misiba tu. Pale Rusumo sasa kuna mitambo ya megawati 80, na nchi tatu zinagawana umeme wake. Umeme wa Murongo tunagawana na Uganda. Miwa ya Misenyi inakunywa humo humo. Lakini magugu maji nayo yalishuka na mto huu kutoka juu, na sisi tuna wa chini yetu. Bonde la Ngono likilimwa mpaka ukingoni, udongo hauishii Kyaka. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Mita 60 ni chache, mtu akizipima kwa miguu badala ya kuzipima kwa tamaa.

Na ningu je? Samaki huyu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Enzi za ukoloni alivuliwa kwa wingi mdomoni mwa Kagera. Zilipokuja nyavu za makila za kumziba njia akiwa na mayai tumboni, miaka si mingi akaadimika, na wengi wenu hata sura yake hamuijui. Basi mkimkuta mtu ametega wavu akiuziba Ngono wakati wa masika, msianze na matusi. Kaeni naye, mpeni habari za ningu. Akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji kabla mvua hazijakatika, maana baada ya hapo mayai yameshaliwa.