Ukurasa Unaoumbwa Upya

Waashari, wanatheolojia wa Kiislamu, wanafundisha kwamba rangi, joto na mwendo wa kitu havidumu nyakati mbili: Mwenyezi Mungu huviumba tena na tena, nasi tukadhani kitu kimetulia chenyewe. Nilisomeshwa hayo darsani Mombasa nikiwa kijana. Nimekuja kuyaelewa kazini, ninapotengeneza tovuti.

Seva ya Vite, zana ninayotumia kutengenezea tovuti, inayachunga mafaili yangu. Nikihifadhi faili la fomu, inakipelekea kivinjari habari kupitia WebSocket, nacho kinachukua kile kipande kilichobadilika tu. Maandishi ya kitufe yanageuka mbele ya macho yangu, na jina la majaribio nililojaza, Fatuma, bado liko pale pale. Nikigusa faili ambalo haliwezi kubadilishwa peke yake, ukurasa wote hupakiwa upya na jina linatoweka.

Basi mara ya kwanza ni nini kililishika lile jina? Msimbo wa zamani wa fomu umeshaondolewa. Zana ndiyo iliyoichukua hali ya fomu ikaikabidhi kwa msimbo mpya. Kudumu kwa Fatuma hakukutoka kwenye fomu.

Imamu Ghazali, Mwashari aliyefariki mwaka 1111, alikana katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa kwamba moto ndio unaounguza pamba kwa nguvu yake wenyewe. Tunachoshuhudia, alisema, ni pamba kuungua inapokutana na moto, basi. Mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu kwamba anayezikana sababu ameikana akili. Hoja hiyo inanigusa, maana riziki yangu ni kutafuta sababu za makosa. Hata hivyo nasimama na Ghazali. Mwenendo wa seva naweza kuutegemea na kuufuata hadi mstari wenye kosa, na bado ukurasa haujisimamishi.

Linaloninyima usingizi ni jingine: ikiwa naumbwa upya kila nukta, deni la jana ni la nani? Zana inapokabidhi hali haichagui mazuri. Jina linabaki, na alama nyekundu ya namba ya simu isiyokamilika inabaki nalo. Mfano huu una mpaka wake, kwani zana haimjui Fatuma na hungoja nihifadhi faili, ilhali Mola haghafiliki. Lakini anayenirudisha hunirudisha pamoja na ahadi zangu na toba yangu ya alfajiri, na mwenye duka aliyenikopesha ana haki ya kunidai mimi huyu huyu.