MacGregor: jina lililohukumiwa kufa

Aprili 1603, baraza la Mfalme James VI wa Uskoti liliamuru kwamba mtu yeyote asiitwe tena MacGregor, na atakayekaidi auawe. Miezi miwili kabla, ukoo huo ulikuwa umewaua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin. Mfalme hakuridhika kuwanyonga wakosaji. Alitaka jina lenyewe life.

Maana ya jina MacGregor ni mwana wa Gregor, na Gregor limetoka kwenye neno la Kigiriki la mtu aliye macho, anayekesha.

Mwaka 1633 bunge lilizidisha ukali: wachungaji wakakatazwa kumbatiza mtoto wa kiume kwa jina la Gregor, na makarani kuandika hati yenye jina hilo. Mzazi anapompeleka mwanawe mbele ya Mungu, nani alimpa mtawala ruhusa ya kuingia kati?

Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693. Ndipo Rob Roy MacGregor, shujaa maarufu kuliko wote wa ukoo huo, akajiita Campbell, jina la upande wa mama yake. Je, alibaki yuleyule?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alijibu swali la namna hiyo 1694: mtu ni yuleyule kadiri anavyoyakumbuka matendo yake ya zamani. Aliyempinga vikali ni Thomas Reid, Mskoti ambaye mama yake alitoka katika jamaa ya Gregory, waliojihesabu kuwa tawi la MacGregor. Mwaka 1785 Reid alitoa mfano wa mtoto aliyechapwa kwa kuiba matunda, akakua akawa ofisa aliyeteka bendera ya adui, hatimaye jenerali. Ofisa aliikumbuka fimbo. Jenerali anaikumbuka bendera, ila fimbo ameisahau. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye yule ofisa, ofisa ndiye yule mtoto, lakini jenerali siye yule mtoto! Haiwezekani.

Reid alikuwa sahihi. Na ikiwa mtu hapotei hata kumbukumbu zake zikipotea, karani atampoteza vipi kwa kufuta jina daftarini?

Marufuku ilifutwa kabisa 1774, na leo mwigizaji Ewan McGregor, mzaliwa wa Perth, analibeba jina hilo duniani kote. Waliomwaga damu Glen Fruin walistahili kushtakiwa, kila mmoja kwa tendo lake. Watoto walionyimwa jina kwenye ubatizo miaka 30 baadaye hawakuwa na kosa lolote, walidhulumiwa.