Je, Sayari Zinatufu? Haki Haitetewi kwa Hoja Mbovu



Baada ya darsa moja ya jioni, mwenzetu wa mwaka wa kwanza alinifuata nje ya msikiti, uso umemkunjamana. Katika darsa ile mzungumzaji alikuwa ametuambia mambo mawili. La kwanza, kwamba sayari zote zinalizunguka jua kwa upande mmoja, kinyume cha mishale ya saa, kama mahujaji wanavyotufu Al-Kaaba. La pili, kwamba wanasayansi wameshindwa kabisa kueleza sababu yake, kwa hiyo hapana budi kukubali kuwa yupo Muumba. Tukapiga takbira. Mwenzetu alirudi chumbani, akafungua simu, na muda si mrefu akakuta kwamba sababu inajulikana na inafundishwa hata shuleni. "Kaka," akaniuliza, "kama hili halikuwa kweli, ni mangapi mengine tuliyoambiwa ambayo si kweli?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilikwenda nalo likizo, nyumbani Muhuta, na makala hii imetoka huko. Swali lenyewe ni hili: je, inafaa kuitetea haki kwa hoja mbovu, maadamu nia ni njema?

Tuanze na jambo lenyewe. Ni kweli kwamba sayari zote nane zinalizunguka jua kwa upande mmoja, na karibu katika usawa mmoja kama zimewekwa juu ya sinia. Jua nalo linajizungusha kwa upande huohuo. Sababu ni kwamba vyote vimetoka katika asili moja. Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita palikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi, nalo lilikuwa likizunguka polepole sana. Uzito wake wenyewe ukalivuta kuelekea katikati. Kitu kinachozunguka kikijikusanya, mzunguko wake huongezeka kasi. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akikunja mikono aliyokuwa ameinyoosha, huzunguka upesi zaidi. Chembe zilizokuwa zikienda ovyo, hizi zikipanda na zile zikishuka, ziligongana na kupunguzana mwendo, mpaka ukabaki ule mzunguko wa wingu zima. Wingu likawa bapa. Katikati likazaliwa jua, na katika ile sahani ya vumbi zikazaliwa sayari. Zote zikarithi upande wa mama yao.

Wala hizi si ndoto za vitabuni tu. Mwaka 2014 darubini za ALMA nchini Chile zilipiga picha ya sahani kama hiyo ikiizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri. Hata wewe ukisimama ufukoni Muhuta baada ya magharibi, jua limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, utaona alama yake. Zikionekana sayari mbili tatu, Zuhura, Mshtarii au Mirihi, hazitawanyiki angani kote. Zinafuata ukanda uleule lilikopita jua mchana.

Aliyetangulia kuteleza hapa hakuwa mzungumzaji wetu. Isaac Newton, mtu aliyeifundisha dunia kanuni ya mvutano, aliandika mwaka 1713, katika toleo la pili la kitabu chake kikuu, kwamba mwendo huu wa upande mmoja hauwezi kuwa umetokana na sababu za kimaumbile peke yake. Akauhesabu kuwa kazi ya moja kwa moja ya Mungu. Mwaka 1755 Immanuel Kant akapendekeza habari ya wingu, na mwaka 1796 Laplace akaja na maelezo yanayofanana na hayo. Pengo alilolitumia Newton kama ushahidi likaanza kuzibika. Swali likabaki kwa waliomfuata: kama Mungu alikuwa ndani ya pengo, sasa yuko wapi? Lakini Mwenyezi Mungu hakuwahi kukaa katika pengo. Ni sisi tuliomtafutia makao katika ujinga wetu.

Na tazama hatari ya pili. Ukisema kufanana kwa mwendo ndiyo dalili, utasemaje juu ya vile visivyofanana? Zuhura inajizungusha yenyewe kinyume na nyingi ya wenzake. Uranus imelala ubavu. Kimondo cha Halley, kilichoonekana mwaka 1986 na kinachotarajiwa tena 2061, kinalizunguka jua kwa kuelekea upande usio wa sayari. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza sayari ya nyota nyingine, WASP-17b, inayokwenda kinyume na mzunguko wa nyota yake. Je, hivi vimemuasi Muumba? Hasha. Ni viumbe Vyake vilevile, na vina sababu zake.

Hata mfano wa tawafu una kasoro. Sayari huonekana zikienda kinyume cha mishale ya saa ukizitazama kutoka juu ya ncha ya kaskazini. Ukizitazama kutoka kusini, zinakwenda pamoja na mishale. Angani hakuna juu wala chini. Mtu akiwaza tawafu anapotazama nyota na moyo wake ukalainika, ni jambo jema, na wala simlaumu. Lakini kinachofaa kwa tafakuri si lazima kifae kwa hoja.

Sasa tuje kwenye mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe mdogo, Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Fikiri, ndugu yangu: nafasi ya namna gani hiyo! Angenyamaza tu, watu wangezidi kumwamini, na tena alikuwa katika huzuni ya mzazi. Hakunyamaza. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Alikataa ushahidi usio wa kweli ijapokuwa ulikuwa upande wake. Na bado aliviita alama, akaamrisha watu waswali. Kwake, kuwa alama hakukuhitaji uongo.

Imam Ghazali naye, katika Tahafut al-Falasifa, alionya kuwa anayepinga maelezo ya hesabu kuhusu kupatwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia tisa, nasi bado tunayahitaji.

Nikiwa Muhuta nilikaa na mjomba wangu, mvuvi wa ndagala. Yeye anajua sababu za kazi yake. Vidudu vidogo vya majini hukusanyika penye taa, ndagala huvifuata, na wavu hungoja. Usiku wa mbalamwezi anapumzika, kwa kuwa mwanga umeenea ziwa zima na taa yake haina nguvu. Nikamuuliza, "Mjomba, ukishajua kwa nini ndagala wanakuja kwenye taa, bado ni riziki ya Mungu?"

Akacheka. "Mwanangu, wangekuwa wanakuja bila sababu, mimi ningejua wapi pa kuweka taa?"

Nililifikiri jibu lile njia nzima ya kurudi Bujumbura. Sababu haimfukuzi Mwenye riziki. Ulimwengu wenye utaratibu ndio unaotuwezesha kuvua, kulima na kupanga nyakati za swala. Ukiniuliza kwa nini upo utaratibu badala ya vurugu, na kwa nini kipo kitu badala ya kutokuwepo chochote, nitakuambia imani yangu bila kusita. Lakini sitakudanganya kwamba darubini imeniona nikiithibitisha.

Basi kwa mwenzangu wa mwaka wa kwanza, jibu langu lililochelewa ni hili. Uliloambiwa halikuwa kweli, na ulifanya vizuri kulichunguza. Aliyekosea ni mtu, na dini haikusimama juu ya kosa lake. Yachunguze na mengine pia, kwa adabu na kwa subira. Na sisi tunaopanda mimbari na kushika kipaza sauti, tukumbuke kuwa anayetusikiliza ametuamini. Sura ya Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, na Imam Malik alijulikana kwa kutoona haya kusema "sijui". Mzungumzaji akisema "sijui" leo, takbira itakosekana. Lakini kesho msikilizaji akifungua simu yake, hatakuwa na sababu ya kutoka msikitini.

Wallahu a'lam.